Hayuko Nasi Tena

Corinne Wojtas alijifunza kuomba akiwa na miaka saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Mama alikuwa karani wa parokia upande wa kusini wa Milwaukee, na kila vuli alizunguka mitaani kuuza tiketi za bahati nasibu ya kanisa. Alibisha, akasalimia, akasema shida ya kanisa kwa maneno machache, kisha akanyamaza. Wakishuka ngazi alimweleza binti yake kwamba kazi yote iko hapo: ukishaomba, funga mdomo, maana anayesema wa kwanza ndiye anayeshindwa. Baba, aliyekuwa fundi wa mashine ya kujaza chupa katika kiwanda cha bia, aliwacheka wote wawili na kuwaita ombaomba wa Bwana.

Corinne alipokuwa mtu mzima, kuomba kukawa ndiyo ajira yake. Katika mji wetu hospitali, shule, makumbusho na majiko ya wenye njaa huishi kwa michango, na wanaoitafuta michango hiyo wengi ni wanawake, ingawa wanaokaa mezani kuamua itumikeje wengi ni wanaume. Ndiyo maana tuna chama chetu. Kilianzishwa mwaka 1983 na wanawake saba waliochoka kuingia kwa mlango wa pembeni katika klabu ambamo wafadhili wakubwa walikula chakula cha mchana. Hukutana Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja karibu na reli. Tunakula mayai na viazi vya kukaanga, tunaambiana mishahara yetu ya kweli, nani anaajiri, mkurugenzi gani hafai, na mfadhili yupi ana mikono ya kupapasa, asitembelewe na mtu peke yake. Mimi nilijiunga nikiwa mgeni, nikichangishia ofisi ya wakimbizi, na Corinne ndiye aliyesogea siku ile ili nipate pa kukaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na kicheko kilichochelewa kidogo, kama cha mtu anayesikiliza kutoka chumba cha pili.

Wakati huo alikuwa hospisi, nyumba ya kuwatunza wagonjwa ambao daktari ameshasema hawatapona. Alikaa pale miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea watu ambao wapendwa wao walifia pale, wengi wao wazee, kuwashukuru kwa walichotoa na, taratibu, kuwauliza kama wangependa kuikumbuka nyumba ile katika wosia wao. Si kazi ya kila mtu. Ukiharakisha unaonekana tai mla mizoga. Ukichelewa, mtu anakufa na nyumba inauzwa na mpwa aliyeko Florida. Corinne hakuharakisha wala hakuchelewa. Sisi wengine tulimsoma kama wanafunzi wanavyomsoma fundi.

Miongoni mwa wazee wake alikuwamo Bi Hildegard Prochnow wa mtaa wa Bay View. Mumewe, Emil, alifia hospisi baada ya siku tisa, na tangu hapo mjane alituma hundi ndogo kila mwezi pamoja na barua ya kurasa mbili. Hakuwa na mtoto. Corinne alimwendea mara ya kwanza kumshukuru, akakaribishwa kahawa na keki ya mbegu nyeusi za popi, akatoka baada ya saa mbili. Akarudi baada ya mwezi. Mwisho ikawa desturi: Alhamisi moja ndiyo, moja siyo, saa nne asubuhi. Kabla hajabisha alisikia sapatu za sufu zikiburutwa sakafuni, sri, sri, sri, na mlango ukafunguliwa kabla kidole hakijagusa kengele.

"Umechelewa dakika mbili," Bi Prochnow alikuwa akisema. "Nilishaanza kukuandikia tanzia."

Walipendana. Nasema hivyo kwa sababu baadaye wengi walitaka kujua kama yale yalikuwa mapenzi au kazi, na mimi niliyemwona Corinne akichagua uzi wa kumpelekea yule mzee ninajua jibu. Lakini ilikuwa kazi pia. Kila Alhamisi aliporudi ofisini alifungua faili la Bi Prochnow kwenye kompyuta na kuandika waliyozungumza: magoti yanamsumbua, amegombana na kasisi mpya, jina la dada yake aliyekufa mdogo. Ndivyo tunavyofanya wote. Mtu anakufungulia kifua chake, nawe unakwenda kukipanga kwenye droo.

Mwaka wa kumi na mmoja kliniki moja ya watoto ilitangaza nafasi. Mshahara ulikuwa mzuri, na mimi ndiye niliyelileta tangazo lile chamani. Corinne aliomba, akapata. Mkurugenzi wa hospisi alimkumbusha mkataba aliotia saini: wafadhili ni wa nyumba, si wa mfanyakazi. Asichukue majina, asiwapigie simu, wala asiwaage mwenyewe, wasije wakamfuata na michango yao. Ofisi ingewaandikia barua ya kistaarabu na kumtambulisha atakayekuja baada yake. Si jambo la ajabu. Nyumba nyingi zina masharti hayo hayo, na sisi tumeyatii.

Alhamisi ya mwisho Corinne alikunywa kahawa yake, akala keki, akasifia pazia jipya. Mlangoni Bi Prochnow alimfunga skafu shingoni kama mtoto wa shule, maana ilikuwa Oktoba na upepo wa ziwani umeanza kuuma. Akamwambia, "Haya mwanangu, wiki ijayo ile nyingine."

Corinne akasema, "Wiki ile nyingine, mama."

Barua haikuandikwa. Nafasi yake ilikaa wazi miezi mitano, mkurugenzi naye akahama, na katika kuhama huko jambo la barua likadondoka kama kifungo cha koti. Corinne hakujua. Alidhani imetumwa. Mara moja tu, mwezi wa Desemba, alipita kwa gari katika mtaa ule, akaona taa ya jikoni inawaka, akapunguza mwendo. Akawaza mkataba. Akawaza kwamba mtu mpya huenda yumo ndani wakati huo, na kwamba ataharibu. Akaongeza mwendo. Hili alinisimulia mwenyewe, na alilisimulia kwa namna ambayo mtu husimulia ajali.

Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Siku ya kwanza ya Mei tulikuwa chamani, kila mtu na kibandiko cha jina kifuani kwa ajili ya wageni. Mmoja wa wageni alikuwa binti aitwaye Paloma Escamilla, aliyeanza kazi hospisi miezi mitatu nyuma. Alikuwa akipita na sahani yake kutafuta nafasi. Corinne akavuta mkoba wake kutoka kwenye kiti cha jirani ili binti akae. Paloma akasoma kibandiko. Sahani ikainama mkononi mwake hadi viazi vikaanza kumwagika mezani, naye hakuona.

"Samahani," alisema. "Wewe ni ndugu yake? Yule Corinne Wojtas wa hospisi?"

"Ndiye mimi."

"Hapana," Paloma alisema kwa upole, kama anayemrekebisha mgonjwa. "Yule alikufa."

Meza nzima ikacheka. Lenore Dunphy wa chuo cha wauguzi, ambaye hana simile, alisema kwamba kwa mshahara wa hospisi ile hata yeye angekufa. Paloma hakucheka. Alikaa, akaweka mikono magotini, akaeleza. Bi Hildegard Prochnow alikuwa amefariki mwezi wa Desemba uliopita. Nyumba yake aliiachia hospisi, kwa sharti moja lililoandikwa na wakili: kigae kiwekwe kwenye ukuta wa kumbukumbu bustanini, si kwa jina lake, bali la marehemu Corinne Wojtas. Paloma alitafuta wa kumuuliza huyo ni nani, lakini hakuna aliyebaki ofisini ambaye alimjua. Basi akaagiza kigae. Kimeshawekwa.

Corinne alichukua kitambaa cha karatasi, akaanza kuokota viazi kimoja kimoja.

Siku hiyo hiyo alikwenda kukiona. Paloma alimpeleka hadi bustanini, akamwacha. Kigae kilikuwa cha rangi ya samawati, cha tatu kutoka juu, kati ya mwalimu mmoja wa piano na mtoto aliyeishi siku kumi na mbili. Kiliandikwa: CORINNE WOJTAS. ALIKUJA KILA ALHAMISI. Alisimama pale, aliniambia, akasoma jina lake mpaka likaacha kuwa lake, likawa la mtu fulani ambaye watu walimpenda, na ambaye alikuwa amekwisha kuoza.

Kutoka pale alikwenda Bay View. Nyumba ilikuwa na bango la kuuzwa. Jirani, Nettie Bruhn, mpishi mstaafu wa shule, alikuwa barazani akimenya mahindi. Corinne alijitambulisha kwa jina. Nettie aliweka chini kisu cha kumenyea, akasema kwamba huo si mzaha mzuri. Ilibidi Corinne amwonyeshe leseni ya udereva.

Hapo ndipo alipojua. Bi Prochnow aliandaa vikombe viwili Alhamisi ile iliyofuata, na Alhamisi iliyofuata hiyo. Wiki ya tatu akapiga simu hospisi. Aliyepokea alikuwa mtu wa muda, ameazimwa kutoka kwa wakala. Alitafuta jina kwenye orodha, hakuliona, akajibu kama alivyofundishwa: Corinne Wojtas hayuko nasi tena. Akaongeza kwamba wanasikitika kwa usumbufu wowote.

"Alikuja hapa bila koti," Nettie alisema. "Theluji yote ile. Akaniambia, Nettie, yule binti amefariki, na hakuna aliyeona vema kuniambia."

"Nilikuwa maili nne kutoka hapa," Corinne alisema.

"Basi angalikuwa ameridhika kujua hilo. Alitafuta tangazo lako la kifo gazetini kila asubuhi. Miezi miwili. Hakuliona. Mwisho akaamua kwamba ulijiua, na kwamba jamaa zako wanaona aibu." Nettie alirudi kwenye mahindi yake, akimenya polepole. "Hilo ndilo lililomkalia. Alikuwa ananiuliza mimi, ni neno gani ulisema ukiwa pale mezani na yeye hakulisikia. Alikuwa anazirudia zile ziara zote. Mwezi huu alisema hivi, mwezi ule hakumaliza keki yake. Alikuombea misa, mama. Mara nne. Kanisani tulikuwa watu watatu."

Corinne aliuliza alivyokufa. Nettie hakutaka kusema, kisha akasema. Alianguka jikoni, na kwa sababu taa yake ilikuwa inawaka siku zote, hakuna aliyeshuku. Zilipita siku mbili.

Kuna jambo Corinne alilikumbuka akiwa garini, kabla hata hajawasha injini. Wiki iliyofuata alimwomba Paloma afungue faili la zamani ahakikishe, naye Paloma, ambaye hakupaswa, alilifungua. Lilikuwamo, kwa maneno ya Corinne mwenyewe, na tarehe ya miaka sita nyuma: *Anaogopa kufa peke yake. Mazungumzo ya wosia sasa yanaweza kuanza.*

Sentensi mbili, moja ubavuni mwa nyingine. Aliziandika Alhamisi moja mchana, huenda huku anakula sandwichi.

Ndipo mambo yakaanza. Mwanzoni yalikuwa madogo, na mumewe Dale, fundi wa mabasi ya jiji, aliyafanyia utani. Ijumaa moja walikuwa wanakula samaki na saladi ya kabeji katika baa yao ya miaka yote, mhudumu akapita mara tatu bila kumwona Corinne aliyeinua mkono. Dale akasema, "Usimlaumu. Kwa marehemu unakula vizuri sana." Corinne alicheka. Lakini alianza kuhesabu mara ambazo watu hawakumwona. Mlango wa duka la dawa unaojifungua wenyewe haukumfungukia mpaka alipopiga hatua nyuma na kurudi. Mwanamke aliyekuwa akisali naye tangu ubatizo alimpita kibarazani mwa kanisa. Alianza kuwa na tabia ya kujigusa kifundo cha mkono, pale mshipa unapodunda.

Kisha zikaja sapatu. Alikuwa mlangoni kwa mfadhili wa kliniki, mstaafu mmoja wa benki, na kabla hajabonyeza kengele alizisikia ndani: sri, sri, sri. Mlango ulipofunguliwa mwenye nyumba alikuwa amevaa viatu vya kamba, juu ya zulia zito. Mara ya pili ilikuwa nyumba tofauti, mtaa tofauti. Mara ya tatu alishuka ngazi bila kubisha, akampigia mwenye nyumba akiwa garini kumwambia anaumwa.

Julai gari lake lilikuwa gereji, nikajitolea kumwendesha kwa mfadhili mmoja, mama wa kitongoji cha Wauwatosa. Nilibaki kwenye usukani na dirisha wazi. Alipanda ngazi, akanyoosha vazi lake, akainua kidole. Kidole kikabaki hewani. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua kali, mtu anakata majani nyumba ya tatu. Niliona shingo yake ikiinama, sikio likielekea kwenye ubao wa mlango. Alikaa hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu mara mbili. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimechelewa, mama."

Mlango haukufunguliwa. Yule mama wa Wauwatosa, tulikuja kujua, alikuwa nyuma ya nyumba akimwagilia nyanya. Mimi sikusikia sapatu. Nasema nililoliona: pazia dogo la kioo cha mlango lilitikisika, kama linavyotikiswa na mtu anayechungulia kabla ya kufungua. Huenda ulikuwa upepo wa ndani. Nimelifikiria sana, na bado sina la kuongeza.

Nilimrudisha nyumbani. Njiani aliniambia jambo moja, akiangalia barabara. "Si kwamba ananiandama. Ningefurahi akiniandama. Ni kwamba yeye ndiye anayefungua mlango, na mimi ndiye mzuka uliokuja kubisha."

Niliona afadhali aseme mbele ya watu kuliko kukaa nalo. Hakutaka. Nilimwambia Bi Verna Tibbs, ambaye ni mmoja wa wale saba wa mwanzo, mwanamke Mweusi wa miaka sabini na tisa aliyechangishia chuo kimoja kwa miaka arobaini. Bi Verna alimpigia simu, hakumbembeleza. Alimwambia Jumatano ya kwanza ya Septemba hakutakuwa na mgeni wa kuzungumza, nafasi hiyo ni yake.

Alizungumza akiwa ameketi. Alisema yote, hata sentensi mbili za faili, na hizo alizisema kwa sauti ile ile ya chini. Tulikuwa wanawake thelathini na kitu. Kahawa ilipoa. Alipomaliza palitokea kimya, na kwa mara ya kwanza nikafahamu jinsi tulivyozoea kimya kama silaha, kwa sababu hakuna aliyejua afanye nini na kile ambacho hakikuwa kinasubiri mchango.

Lenore Dunphy ndiye aliyekivunja. "Tusijidanganye, shoga zangu," alisema. "Sisi si watoto wao. Tunalipwa. Mfanyakazi akihama amehama. Corinne, nakupenda, lakini ungemuaga kila mzee uliyewahi kunywa naye kahawa, ungekuwa hujaanza kazi mpya mpaka leo."

Wengine waliguna, wengine waliitikia. Mmoja akasema kuna babu anayemtumia kadi ya siku ya kuzaliwa kila mwaka, inakwenda ofisi ya zamani, nao huirudisha na muhuri. Mwingine alisema alimwona mfadhili wake wa zamani dukani akajificha nyuma ya rafu za supu. Walianza kucheka, kisha yule wa supu akalia, na ikadhihirika kwamba karibu kila mtu mle chumbani alikuwa na wake.

Corinne aliuliza swali moja tu, na alimwuliza Bi Verna. "Nilimwua?"

Bi Verna alifuta miwani. "Hapana, mwanangu. Hukumwua. Ulimwacha. Hayo ni mambo mawili, na usimruhusu mtu yeyote humu akunyang'anye hata moja."

Sikuwahi kusikia faraja kali namna hiyo. Corinne aliinamisha kichwa kama aliyepokea mzigo na kuuona unabebeka.

Kutokana na asubuhi ile chama kiliandika ukurasa mmoja. Kwamba mwanamke anayeondoka apewe siku za kwenda kuaga mwenyewe, kwa miguu yake, pamoja na anayempokea au mtu mwingine wa ofisi. Kwamba aliye kwenye simu asiseme hayuko nasi tena. Aseme amehamia kazi nyingine, yuko salama. Kwamba katika faili usiandike hofu ya mtu usiyoweza kumsomea usoni. Lenore aliupigia kura ya hapana, kisha akawa wa kwanza kuupeleka kwa mkurugenzi wake, kwa sababu ndivyo alivyo. Wakurugenzi wengine walicheka. Mmoja alimwandikia Bi Verna kwamba hisia hazina nafasi katika sekta yetu. Nyumba kumi na nne zimeukubali hadi leo, hospisi ikiwamo.

Kuhusu kigae, hospisi ilijitolea kukiondoa. Wakili alisema sharti la wosia linaweza kurekebishwa, kwa kuwa lilijengwa juu ya kosa. Corinne alikaa nalo majuma kadhaa, kisha akakataa. Alisema lile halikuwa jina lake, lilikuwa neno la Bi Prochnow, na yeye hana haki ya kumkatiza tena. Dale hakulipenda kabisa. Kwa muda wa mwaka hakukanyaga upande ule wa mji, na huyo si mtu mwenye imani za mikosi ya namna hiyo.

Msije mkadhani alipona. Milango aliendelea kuiogopa. Aliniambia kwamba alizisikia mpaka mwisho, si kila mara, na kwamba alijizoesha kubisha hata hivyo, na kusema pole kimoyomoyo kwa yeyote anayekuja. Wanawake wadogo waliopita mikononi mwake chamani walimwona mkali. Aliwafundisha kusoma faili la mfadhili kwa sauti kabla ya kuondoka ofisini, kana kwamba mwenyewe ameketi pale. Paloma alikuwa wa kwanza. Alikaa hospisi miaka minane, jambo ambalo kwa kazi yetu ni umri wa kobe.

Masika haya Corinne amestaafu. Wiki zake tatu za mwisho alizitumia kuzunguka nyumba thelathini na moja na mrithi wake, msichana mwenye haya aitwaye Tamsin Rudd, na kwa kuwa macho yake yamechoka, mimi ndiye niliyeendesha. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee Ambrose Ferris, seremala aliyewahi kutengeneza meza zote za kliniki bila malipo. Anakaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Corinne alimshika mkono, akamwambia wazi kwamba anaondoka, kwamba hafi, haumwi, amezeeka tu, na kwamba huyu ni Tamsin.

Mzee alimtazama Corinne. "Umekuja mpaka hapa kuniambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Watu wa kazi yenu kwa kawaida hutoweka," alisema, bila lawama, kama anayetaja hali ya hewa. Kisha akamgeukia Tamsin, akamchunguza kuanzia viatu. "Na wewe, binti? Utakaa muda gani?"

Tamsin alifungua kinywa. Nilimwona akimtafuta Corinne kwa macho, naye Corinne hakumsaidia. Alikuwa amenyamaza, ameushikilia mkono wa mzee, anangoja kama sisi wote.